Magugu maji na sato wa kupandikiza: mabwawa ya Dodoma, Bahi, Singida na Mtera yanavyovurugika

Mto_Bubu (mleta uzi)

Mbukwenyi wakuu. Kila mada ya viumbe vamizi humu ndani huishia Ziwa Victoria, kana kwamba sisi wa kanda ya kati hatuna maji ya kuharibika. Tunayo, na yana udhaifu wake wa pekee. Naomba uzi huu ubaki kwetu: Mtera, Hombolo, Bahi, maziwa ya Singida na malambo ya mifugo.

Tuanze na njia za maji. Mkoa wa Dodoma umekalia mabonde matatu ambayo hayakutani. Hombolo lipo kwenye maji ya Kinyasungwe, yanayoingia Mkondoa, kisha Wami, hadi baharini. Mtera linakusanya Ruaha Mkuu, Ruaha Mdogo na Kisigo, na maji yake yanaelekea Rufiji. Bahi na Sulunga wanapokea Mto Bubu, na maji hayo hayaendi popote, yanaishia hapo hapo kwa jua. Samaki wa mabonde haya wameishi mbalimbali kwa muda mrefu mno. Ndiyo maana maji ya chumvichumvi ya bonde la ndani, kuanzia Manyara, Eyasi na Kitangiri hadi Singida na Sulunga, yana perege wake mdogo, *Oreochromis amphimelas*, ambaye asili yake ni huko tu. Rufiji na Wami wana wao, *Oreochromis urolepis*.

Sasa mtu anachota ndoo ya vifaranga vya sato (perege wa kupandikiza, *Oreochromis niloticus*) Mtera, anaifunga nyuma ya pikipiki, mchana anaimwaga Bahi. Safari ya nusu siku tu, lakini samaki wamevuka mpaka ambao kwa mapezi yao wasingeuvuka kamwe. Na Bahi kosa halina pa kutokea, kwa sababu hakuna mto wa kuwatoa.

Karibuni wenye ujuzi. Tuongee vitu vya kufanya, si lawama.

---

Kitoweo_Chetu

Mkuu, hapo kwenye sato nakupinga kidogo. Sato anakua haraka, ana soko, na vituo vya kuzalisha vifaranga vya serikali na vya watu binafsi vinamuuza kila siku. Ubaya wake hasa ni upi? Perege ni perege, wote wanaliwa.

---

Pezi_la_Mkia

@Kitoweo_Chetu kwenye sufuria sina ugomvi na wewe. Tatizo lipo kwenye maji yasiyo na uzio.

Dume la perege linachimba kiota cha duara kwenye mchanga au tope, sehemu yenye kina kifupi. Jike anataga hapo, anayabeba mayai mdomoni na kuondoka. Sehemu nzuri za viota ni chache, na kwenye mabwawa yetu zinazidi kupungua maji yanaposhuka. Mtera, kwa mfano, limepangiwa kuendeshwa kati ya mita 698.5 na mita 690 juu ya usawa wa bahari. Hizo ni mita nane na nusu za kupanda na kushuka, kwenye bwawa pana lenye fukwe za mteremko mdogo. Maji yakirudi nyuma, viota vya jana vinabaki juu ya ardhi kavu na madume yanabanana kwenye ukanda mwembamba. Hapo dume la sato, lenye mwili mkubwa na ukali, linamfukuza mwenyeji. Huo ni ugomvi wa nafasi.

La pili ni chakula. Sato hachagui. Anakula mwani, mabaki ya mimea, wadudu, mayai na hata vifaranga vya wengine. Kwenye bwawa linalobadilika kila mwaka, asiyechagua ndiye anayebaki.

La tatu ndilo baya zaidi, nalo ni chotara. Sato na perege wa kwetu ni ndugu wa karibu, wanazaliana, na watoto wao nao wanazaa. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2018 na 2019 zilionyesha mambo mawili. Kwanza, sato na perege mwingine wa kuletwa, *Oreochromis leucostictus*, wamesambaa kwenye mabonde mengi ya mito ya Tanzania kutokana na upandikizaji wa miongo mingi. Pili, kwenye maziwa madogo ya Lindi, Rutamba likiwemo, damu ya perege wa asili imeshachanganyika na ya wageni. Wavuvi wakizidisha nyavu, unaweza kuwapumzisha samaki wakarudi. Damu ikishachanganyika haitenganishwi tena.

Halafu usisahau kwamba perege wa asili ndiye mwenye vinasaba vya kustahimili chumvi, joto na ukame wa huku. *Amphimelas* anaishi kwenye maji ambayo sato wa kawaida yangemshinda. Ukimpoteza huyo, hata mfugaji wa kesho kapoteza mbegu.

---

Mama_Nyavu

Pezi_la_Mkia, tupe basi namna ya kuwatofautisha ufukweni. Wengi wanaita wote perege, au wakubwa wote wanaitwa sato.

---

Pezi_la_Mkia

Dada, tazama mkia kwanza, samaki akiwa bado mbichi na mkia umeutandaza kwa vidole.

Sato: mistari myembamba ya wima, imejipanga sawasawa kuanzia shina la mkia hadi ukingoni. Dume lililokomaa linakuwa na wekundu kichwani na tumboni.

Perege wa Rufiji na Wami (*urolepis*): mkia hauna mistari hiyo iliyopangika. Dume kubwa linakuwa jeusi, midomo mikubwa, na kingo za pezi la mgongo na mkia zina wekundu au rangi ya chungwa.

*Leucostictus*: dume ni jeusi lenye madoadoa meupe ubavuni. Hakui sana, na mara nyingi utamkuta kwenye kina kifupi chenye majani.

Chotara anachanganya. Mistari inaanza halafu inakatika, au ipo nusu ya mkia tu. Ukiona hivyo usibishane naye, piga picha ya ubavu mzima pembeni ya rula, mapezi yametandazwa. Kata kipande cha pezi kama sentimita moja, kitie kwenye kichupa cha spiriti kali ya asilimia 95, andika mahali na tarehe kwa penseli kwenye karatasi na uitumbukize humo humo (wino wa kalamu unayeyuka kwenye spiriti). Mpelekee ofisa uvuvi wa halmashauri au TAFIRI (taasisi ya utafiti wa uvuvi). Vifaranga vidogo usihangaike navyo kwa macho, karibu wote wana doa jeusi kwenye pezi la mgongo na hawatofautiani.

---

Lambo_la_Kijiji

Wakuu, nihamishe mada kidogo. Kuna lambo la mifugo upande wa Chamwino lina ukubwa kama hekta moja. Yameonekana majani yanaelea kwenye kona moja, kama meza kumi za mgahawa ukizipanga pamoja. Kijiji kinasema ni mapambo, yana maua mazuri. Je, ndiyo magugu maji yenyewe?

---

Fundi_Maji_Dom

Maua ni ya rangi gani, na kikonyo cha jani kikoje? Hiyo ndiyo tofauti.

Magugu maji yenyewe (*Eichhornia crassipes*, asili yake Amazon) yana jani la kijani linalong'aa, kikonyo kimevimba kama kibuyu kidogo na ukikipasua ndani ni sponji yenye hewa. Ua ni zambarau mpauko, na petali ya juu ina doa la njano. Mizizi inaning'inia mieusi kama manyoya.

Yanayofanana na kabichi iliyofunguka, majani yenye vinyweleo laini na mistari ya kina, hayana kikonyo wala ua la kuonekana, ni *Pistia*. Nayo inaziba maji, ila ni nyepesi kuing'oa. Vijani vidogo sana vinavyogeuka vyekundu juani ni *Azolla*. Vijani vya mviringo vilivyojipanga viwili viwili, vyenye vinywele juu visivyoloana, ni *Salvinia*, na hiyo usiichekee hata kidogo.

---

Lambo_la_Kijiji

Kikonyo kimevimba, ua zambarau lenye doa la njano.

---

Fundi_Maji_Dom

Basi ni magugu maji. Usingoje kikao cha kijiji cha mwezi ujao.

Fanya hesabu. Kwenye maji ya joto yenye mbolea ya samadi (na lambo la mifugo limejaa samadi), magugu yanaongezeka maradufu kwa wiki moja hadi mbili. Kutoka mita 10 za mraba hadi hekta nzima ni mara 1,000, yaani kujirudufu mara kumi tu. Kwa hiyo una siku 70 hadi 140 kabla lambo halijafunikwa lote. Na hayahitaji mbegu kufanya hivyo, mche mama unatoa shina linalotambaa juu ya maji na mwishoni kuna mtoto. Ukilikata shina umepata miche miwili.

Likishafunikwa, mambo yanafuatana hivi. Mwanga haufiki chini, kwa hiyo mwani uliokuwa ukitoa oksijeni mchana unakufa. Majani yanayooza chini ya zulia yanakula oksijeni iliyobaki. Upepo haugusi maji, kwa hiyo hakuna inayoingia kutoka juu. Pima oksijeni alfajiri, si saa sita mchana, ndipo utaona hali halisi. Ikishuka chini ya miligramu 2 kwa lita, perege wanaanza kuhema juu juu. Kambare hatishiki sana, ana kiungo cha kuvutia hewa ya nje. Kwa hiyo baada ya msimu mmoja au miwili unavua kambare watupu, na watu wanasema "perege wamehama". Kwenye lambo wangehamia wapi?

Kwenye mizizi ile wanajishikiza konokono, wakiwemo wa kichocho, na vidimbwi vilivyotulia kati ya majani vinafuga mbu. Ng'ombe naye akifika ukingoni hajui pa kuishia tope. Na maji yenyewe yanapungua zaidi, kwa sababu jani linayatoa hewani. Kwa mkoa unaopata mvua ya milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, hilo si jambo la kupuuza.

Sasa kazi yenyewe:

Ng'oeni mzima na mizizi yake, kwa reki za meno marefu na mtumbwi au kamba. Msikatekate majini, kila kipande chenye kitovu (pale vikonyo na mizizi vinapokutana) ni mche mpya. Anzeni kwenye kingo za zulia mkielekea ndani, la sivyo mtalisukuma lisambae. Miezi mingi upepo wa Dodoma unatoka mashariki na kusini mashariki, kwa hiyo majani yatajikusanya ukingo wa magharibi. Wekeni watu wa kuvuta huko, upepo uwafanyie nusu ya kazi.

Zungusheni kizuizi kuzunguka eneo lenye magugu siku ya kwanza kabisa. Kamba ya nailoni, madumu matupu ya lita 20 yaliyofungwa vizuri kila baada ya mita mbili, na chini yake wavu chakavu unaoning'inia nusu mita. Hata mkitumia madumu thelathini, ni bei ya chini kuliko kuvuta hekta nzima.

Mliyoyatoa myapeleke juu ya alama ya maji ya masika, si ukingoni pa leo. Wengi wanakosea hapa. Wanayarundika mita tatu kutoka majini mwezi wa Oktoba, mvua za Januari zinajaza lambo na rundo linaelea tena likiwa na miche hai katikati. Yatandazeni yakauke, yageuzeni baada ya siku chache. Jua la Septemba litawasaidia.

Na kama mmeshachelewa? Hekta iliyofunikwa inaweza kufikia tani 200 hadi 300 za majani mabichi. Kwa gari la tani tatu hiyo ni karibu safari 70 hadi 100. Lakini zaidi ya asilimia 90 ya uzito huo ni maji, kwa hiyo kausheni kwanza karibu na lambo, juu ya alama ya mafuriko, ndipo mbebe.

---

Msomi_wa_Mwanza

Kwa nini mnajichosha? Victoria magugu yaligunduliwa mwishoni mwa miaka ya 1980, yakafika kileleni miaka ya 1990, wakaletwa fukusi wa *Neochetina*, wadudu wanaokula magugu hayo, na yakaanguka. Leteni fukusi.

---

Fundi_Maji_Dom

Mkuu, fukusi ni wazuri na sina neno nao, lakini soma maisha yao. Mkubwa ana milimita nne au tano, anakwangua jani na kuacha makovu ya mraba. Mabuu yanatoboa vikonyo hadi kwenye kitovu. Kisha yanashuka kwenye mizizi, yanajisokotea kifuko kwa vinyweleo vya mizizi, ndani ya maji, na huko ndiko yanakuwa pupa. Mzizi ukikaa kwenye tope kavu badala ya maji, kizazi hicho kimekwisha.

Angalia lambo letu sasa. Maji yanaanza kushuka Mei, ifikapo Septemba nusu ya magugu yamekaa juu ya tope. Fukusi wanakufa na kikonyo chao. Mbegu za magugu hazifi. Zinakaa kwenye tope miaka 15 hadi 20, na kinachoziamsha ni tope lenye unyevu lililopigwa na jua, yaani hali ile ile ya kiangazi chetu. Mvua zikirudi unapata miche mipya isiyo na fukusi hata mmoja.

Hata Victoria fukusi walihitaji miaka kadhaa, na wengi wanakubali kuwa hali ya hewa ya El Niño ya 1997/98, mawimbi na mawingu yake, ilichangia. Kwa Mtera, ambalo maji hayaishi, fukusi wanaweza kujadiliwa. Kwa lambo la hekta moja ni mikono ya watu. Na mdudu wa kuachiwa hachukuliwi kwenye chupa kutoka Mwanza kwa basi. Kuna utaratibu wa vibali kupitia mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, TPHPA.

---

Mama_Nyavu

Na dawa ya kuua majani? Duka la pembejeo pale Majengo wanauza za kila aina.

---

Fundi_Maji_Dom

Kwenye maji wanayokunywa mifugo na watu, hapana. Hata ukiacha sumu yenyewe, magugu yote yakifa kwa pamoja yanazama na kuoza, na oksijeni inaisha kwa siku chache. Utaua samaki wote ili kuokoa samaki. Huko kunakoruhusiwa hunyunyizwa sehemu kwa sehemu kwa sababu hiyo hiyo.

---

Mto_Bubu

Hoja ya mbegu kwenye tope ningependa irudiwe kwa herufi kubwa. Kalenda ya wenzetu wa maziwa ya kudumu haitufai. Kwetu mwezi wa kazi ni Agosti hadi Novemba, maji yakiwa madogo. Pitieni tope lililobaki wazi kila wiki mbili. Mche wa magugu ulioota kwenye tope hauna kikonyo kilichovimba bado, ni vijani vyembamba vya mviringo kimo cha kidole, na unang'oka kwa mkono. Kuruka msimu mmoja ni kuongeza mbegu za miaka mingine 15.

---

Kitoweo_Chetu

Nakubali kwenye magugu. Nirudi kwenye sato. Mnachosema ni tusifuge? Hata wakiwa madume watupu waliobadilishwa jinsia?

---

Pezi_la_Mkia

Fugeni, ila mjue mnachonunua. Kubadili jinsia ni kuwalisha vifaranga wachanga, mara tu kiini kinapoisha tumboni, chakula chenye homoni miligramu 60 kwa kilo ya chakula, kwa siku 21 hadi 28. Kikifanyika vizuri unapata madume asilimia 95 na zaidi. Vizuri sana sokoni, lakini piga hesabu: vifaranga 2,000 kwa asilimia 97 ni majike 60. Jike mmoja anabeba mayai mamia mdomoni, na ndani ya miezi minne au mitano ameshaanza kuzaa. Ndiyo maana "madume watupu" si uzio.

Uzio ni bwawa lenyewe. Lisichimbwe kwenye korongo wala njia ya maji ya mafuriko, hata kama maji ya kujaza ni rahisi hapo. Tuta liwe juu ya maji kwa nusu mita. Bomba la kutolea maji liwe na nyavu mbili, ya nje yenye matundu makubwa ya kuzuia majani na ya ndani yenye matundu ya milimita moja. Ukiweka ya ndani peke yake inaziba, maji yanapita juu ya tuta, na vifaranga navyo. Vuna na ukaushe kabla ya mvua za Desemba. Vidimbwi vitakavyobaki chini mwagia chokaa isiyozimwa, kilo 15 hadi 20 kwa mita 100 za mraba, ukiwa umevaa glovu na miwani kwa sababu inaunguza macho.

Ukiwa bonde la ndani, yaani Bahi, Manyoni kuelekea Sulunga, au karibu na Singidani na Kindai, ushauri wangu ni kambare wa hapo hapo na umwache sato. Kwenye maji ya chumvi *amphimelas* ana nafuu yake, lakini masika ya mvua nyingi yanapunguza chumvi na nafuu hiyo inaisha.

---

Msomi_wa_Mwanza

Mtu aniambie basi mbona sangara alileta viwanda na fedha Mwanza. Si naye alikuwa mgeni?

---

Mto_Bubu

Alileta, hakuna anayekataa. Aliingizwa miaka ya 1950 na 1960, akalipuka miaka ya 1980. Lakini hesabu ina upande wa pili. Furu, samaki wadogo wa asili wa Victoria, walikuwa zaidi ya aina 500, na baadhi yao walikula mwani na mabaki ya chini. Inakadiriwa aina kama 200 zilipotea, na mwani ukaongezeka huku mbolea za mashambani nazo zikiingia ziwani. Ngege, perege wa asili wa Victoria aliyekuwa kitoweo cha heshima, leo unamtafuta kwenye maziwa madogo ya pembeni. Furu alikaushwa kwa jua, sangara ana mafuta, anahitaji kubanikwa kwa kuni, na miti ya ufukweni ikaenda. Yote hayo kwenye ziwa la kilomita za mraba 68,000. Hombolo ni lambo tu mbele yake, halina nafasi ya kukosea.

---

Lambo_la_Kijiji

Asanteni. Tumekubaliana kuanza na kizuizi cha madumu. Swali la mwisho: majani yaliyokauka tuwape ng'ombe au tutengeneze mboji?

---

Fundi_Maji_Dom

Ng'ombe hapati kitu cha maana, mabichi ni maji matupu na hayamshibishi. Mboji sawa, changanya na samadi na ugeuze rundo. Ila yaliyokwisha toa maua yasiingie humo, kwa sababu mboji za vijijini mara nyingi hazifiki nyuzi 55 za joto kote kote, na mbegu zitarudi lambo na mvua ya kwanza. Hayo yachomwe yakishakauka.

Na reki, kamba na mtumbwi mliotumia visafishwe na vianikwe juani siku tatu au nne kabla ya kuazimwa lambo la jirani. Nyavu za kukodi pia, mizizi inanasa kwenye matundu.